Simu Isiyotaka Kushikwa

Mzee Wehliye alikuwa na ugonjwa mmoja tu katika biashara: hakuweza kuona flashi akaiacha. Si unajua ile simu inalia mara moja, kri, halafu kimya, mwenyewe amekata ili umpigie wewe, kredo iishe kwako? Wewe na mimi tungetazama namba ngeni, tukasonya, tukaendelea na shughuli zetu. Mzee hapana. Hata kama yuko katikati ya kupima pazia, mteja ameshika pesa mkononi, ataweka futi chini, atavaa miwani, atachukua kabambe yake, kisimu kidogo cha vitufe vilivyofutika namba, na atapiga.

"Halo. Mimi Wehliye. Umenipigia."

Mimi naitwa Clare. Nyumbani ni Mowlem, na duka la mzee liko Eastleigh, Islii kama wenyewe wanavyoiita. Tunauza shuka, mapazia na blanketi kwa jumla. Niliingia hapo nikiwa msichana mwembamba. Sasa si msichana, na huo wembamba usiniulize. Subira sina. Mama yangu alikuwa akisema hata kuzaliwa nilizaliwa mkunga akiwa bado njiani. Basi fikiria mtu kama mimi anasimama na wateja watano, mwenye duka anampigia mtu asiyemjua.

Na watu wenyewe! Mmoja alikuwa anatafuta fundi wa friji. Mwingine, mama wa Mukuru kwa Reuben, alitaka shuka moja, moja tu, kwenye duka la jumla, na mzee akamwambia aje, atapata. Siku nyingine alikuwa tapeli, kijana wa kuwaambia watu wameshinda gari. Mzee akamuuliza mama yake hajambo. Yule kijana akajikuta anaeleza miguu ya mama yake inavyovimba, na mzee akampa ushauri wa maji ya chumvi. Mimi huku nafunga robota la blanketi peke yangu, jasho linanitoka.

"Mzee," nikamwambia alipokata, "huyo ni mwizi."

"Najua," akasema. "Lakini umesikia mama yake ni mgonjwa."

Ungemfanya nini mtu kama huyo?

Sababu ya yote hayo ilikuwa dada yake, Ruqiyo. Mama yao alifariki Wehliye akiwa bado wa kunyonya, na Ruqiyo, naye msichana tu, ndiye aliyembeba mgongoni kutoka kisima hadi kisima huko Wajir. Ndiye aliyeuza mbuzi wake mwenyewe ili mdogo wake apate nauli ya kuja Nairobi kutafuta maisha. Alimwita Yare, yaani mdogo. Mzee Wehliye huyu, ambaye akiingia dukani anainamisha kichwa mlangoni, ndevu zake amezipaka hina, ana wajukuu, bado kwa Ruqiyo alikuwa Yare.

Ruqiyo mwenyewe alikataa katakata kuhamia mjini. Alikuja mara moja, kabla yangu, akakaa kidogo, akasema watu wa huku wanatembea mbio na hawafiki, akarudi kwa mbuzi wake. Simu alitumiwa. Ya kwanza alimpa mjukuu aliyekuwa anakwenda shule ya bweni. Ya pili ilitumbukia kisimani. Ya tatu aliirudisha na dereva wa lori, akasema hataki kitu cha kumlialia mfukoni kama mtoto asiye na adabu. Akitaka kuzungumza na ndugu yake ataazima simu ya mtu pale kisimani, watu wapo wengi.

Lakini kuazima simu ya mtu na kummalizia kredo ni aibu, na Ruqiyo ni mtu wa heshima zake. Kwa hiyo aliflashi. Alibonyezewa namba ya duka, ambayo aliijua kwa kichwa, ikalia mara moja, akakata, akamrudishia mwenyewe simu yake. Kisha hakwenda mbali. Alisimama hapo hapo kando ya mwenye simu, akingoja Yare apige. Leo ni simu ya mchungaji, kesho ya muuza chai, keshokutwa ya mpita njia ambaye akiondoka hamtamwona tena. Ndiyo maana mzee hakuweza kuacha flashi ya namba yoyote ile. Mojawapo ilikuwa yake.

Ilipokuwa yake, tulijua sote dukani. Mzee alisimama. Sauti yake ilipanda ikawa nyembamba, mabega yakashuka, akacheka kicheko ambacho sisi hatukuwahi kukipata. Walizungumza mvua, ngamia, nani amezaa na nani amezikwa. Akimaliza alikuwa akituagizia chai ya maziwa yenye iliki na hakuna aliyegombezwa mpaka jioni.

Mimi nilimwelewa, hata kama nilinuna. Mama yangu, Kezia, Mungu amrehemu, naye alikuwa mtu wa flashi. Jumapili akitoka kanisani kule Mumias, kri. Maana yake ibada imekwisha, nipigie nikwambie nani alisinzia wakati wa mahubiri. Tumemzika, na namba yake sijaifuta.

Sasa, mzee ana binti anaitwa Kawsar. Usimchukie Kawsar, ni mtoto mzuri, mwenye akili na mwenye huruma. Alisomea mambo ya kompyuta, na mama yake alipofariki aliingia dukani kumsaidia baba yake. Alitazama siku nzima inavyokwenda: watu wanauliza bei zile zile, tunajibu maneno yale yale, mzee anapigia wageni, mimi napayuka. Akamwambia baba yake, "Abo, kazi hii nusu yake inaweza kujifanya yenyewe."

Akaleta mtambo. Si mtambo wa kushika kwa mkono, uko ndani ya kompyuta. Ukituma ujumbe kuuliza bei, unajibiwa papo hapo na picha juu. Shuka zikikaribia kuisha, unatukumbusha. Na ukipiga simu, inashikwa mara tu inapolia, sauti ya mwanamke inakukaribisha: kwa bei za shuka bonyeza moja, kwa mapazia bonyeza mbili, kuzungumza na mzee bonyeza tatu. Sauti hiyo ni yangu. Kawsar alisema Kiswahili changu kinafaa redioni. Nilivimba kichwa, nikanunua na kitambaa kipya, kana kwamba watu wangeniona. Vijana wa mkokoteni wakanipa jina. "Niaje, Madam Bonyeza Moja!" Nikawatukana kidogo, lakini moyoni nilifurahi.

Mzee aliuliza swali moja tu. "Na wanaoflashi?"

"Abo, flashi zimekwisha," Kawsar akasema. "Hakuna simu itakayokosa kujibiwa tena. Mtu akipiga tu, anajibiwa."

"Kila mtu?"

"Kila mtu. Hata ukiwa msikitini."

Mzee akatabasamu. Alikuwa na hofu hiyo siku zote, kwamba Ruqiyo ataflashi wakati yeye amesujudu. Akamshika binti yake kichwani akambariki. Tulikuwa watatu hapo, mimi, yeye na Kawsar, na hakuna hata mmoja wetu aliyeliona kosa lilipo.

Sitasema uongo, niliupenda mtambo ule. Nilianza kufika Mowlem jua lingali juu. Maduka ya Mathare na ya mbali zaidi yaliagiza bila kutuchosha. Koo langu lilipona. Kila mwisho wa mwezi Kawsar alimwonyesha baba yake kwenye kompyuta: simu zote zimejibiwa, hakuna iliyopotea.

Lakini Ruqiyo hakusikika.

Mwanzoni mzee alikaa juu ya robota lake pale mlangoni, kabambe imelala kiganjani. Ililia mara chache, mtu amebonyeza tatu, naye akaruka, kumbe ni mwenye hoteli anataka punguzo. Akaanza kuikagua chaji. Akanunua betri mpya. Alipiga zile namba ambazo Ruqiyo aliwahi kuzitumia, na zote alizopiga zikasema mteja hapatikani. Ukame ulikuwa umekaza huko, wenye simu wamehama na mifugo yao, nani ajue wako wapi.

Chai ikawa inapoa mbele yake. Mtu aliyekuwa akijua jina la mtoto wa kila mchukuzi sasa unamsalimia mara mbili ndipo aitikie. Siku moja nikashindwa kuvumilia.

"Mzee, basi la Wajir linaondoka hapa Islii kila siku. Si umtume mtu akaulize?"

"Nikimtuma," akasema, "atarudi na jibu."

Nilijua ni jibu gani analoliogopa. Mimi nilishaletewa jibu la namna hiyo.

Aliendelea kungoja, na mimi nikaanza kuchukia kile kimya. Ilifika mahali nikawa natamani yule tapeli wa magari aflashi, angalau mzee apate wa kuzungumza naye.

Ndipo alipoingia Abdimajid. Huyu ni dereva wa lori anayetupelekea mizigo kaskazini, mtu wa mzaha mwingi, tumbo mbele, kikoi kiunoni. Alikuwa hajafika kwetu kwa muda mrefu. Akaweka mkebe mezani, mkebe wa nyirinyiri, ile nyama iliyokaangwa ikahifadhiwa kwenye samli, na harufu yake peke yake ilimfanya mzee ashike ukingo wa meza.

"Dada yako anakusalimia," Abdimajid akasema. "Na anakupa hongera ya ndoa."

Mzee akauliza, "Yu hai?"

"Hai kabisa! Nimemwacha amekaa kisimani anamgombeza punda. Macho yamepungua, kifua kinamsumbua, lakini ulimi mzima. Amekasirika, mzee. Si kwa sababu umeoa bila kumwambia. Amekasirika kwa sababu ya huyo mke."

"Mke gani, Abdimajid? Mimi nimeoa nani?"

"Sasa unaniuliza mimi? Bi Ruqiyo anasema kila akikuflashi, mwanamke anaidaka simu kabla yeye hajakata. Anaongea Kiswahili, hapumui, hasalimu, hasikilizi. Ukimwambia nipe ndugu yangu, yeye anaendelea tu. Kredo ya watu inaisha. Sasa watu pale kisimani wakimwona anakuja wanaficha simu zao." Abdimajid hakuwa anacheka tena. "Anasema nikwambie hivi: mwambie huyo mwanamke anipe ndugu yangu. Dakika moja. Nikimaliza nitamrudishia."

Mungu wangu. Nilitamani sakafu inimeze. Mwanamke mwenyewe alikuwa mimi.

Kawsar alikuwa kwenye kompyuta, na uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa amekwisha kuelewa. Simu ya flashi haipigwi ili ishikwe. Inapigwa ili iachwe, ilie, ikatwe, halafu wewe ufanye kazi yako ya undugu. Sisi tulikuwa tumemwekea Ruqiyo kitu kinachoshika simu haraka kuliko kidole chake kinavyokata, na kwenye hesabu za Kawsar kila mara kama hiyo iliandikwa imejibiwa.

"Abo," akasema polepole, "mtambo huwa unahifadhi sauti za wanaopiga."

"Ziweke," mzee akasema.

Akazitafuta, akaziweka. Ilianza sauti yangu, tamu, ya kujidai: "Karibu sana dukani kwetu." Na chini ya sauti yangu, mbali, upepo unavuma na mbuzi wanalia, sauti ya bibi kizee. "Yare? Yare, waa Ruqiyo." Yaani, ni Ruqiyo. Mimi nikamwambia abonyeze moja kwa shuka. Akaniacha nimalize, maana ana adabu kuliko mimi. Kisha akanisalimia. Alinisalimia mimi, akaniuliza habari za nyumbani kwetu, Kawsar akanieleza baadaye. Mimi nikamjibu, "Samahani, hatujaelewa chaguo lako." Tut.

Kawsar akaweka nyingine. "Yare?" Na nyingine. Kwenye moja alikuwa anakohoa. Kwenye ile ya mwisho hakusema kitu kabisa, ni upepo tu na sauti yangu inazungumza mapazia, mpaka kredo ya mtu ikaisha.

Mzee Wehliye alilia mbele yetu, machozi yakiingia kwenye ndevu za hina, wala hakujificha. Kawsar alipiga magoti mbele yake. "Abo, nisamehe. Abo, nilidhani nakupunguzia kazi."

"Umenipunguzia kazi, binti yangu," akasema. "Hii haikuwa kazi."

Hakumgombeza zaidi ya hapo. Mimi ndiye niliyefura. Nilitaka kompyuta ile itupwe mtaroni, nikasema hivyo kwa sauti, na wateja wakasikia. Kawsar akafuta macho, akanijibu kwamba mtambo hauna kosa, bei za shuka ziutoshe, kosa ni kuupa mlango ambao si wake. Jioni ile ile akachukua namba mpya kwa ajili ya bei na mizigo, akaiandikisha ukutani kwa rangi nyekundu, na ile ya zamani akairudisha kwenye kabambe, ilie yenyewe, isiguswe na kitu chochote. Nilikubali, ingawa kwa shingo upande, maana aliongea ukweli.

Ikalia namba ya zamani? Haikulia. Nani angempa Ruqiyo simu tena? Abdimajid alisema atamrudia na simu mpya safari ijayo, na mzee akatikisa kichwa.

"Nakwenda mwenyewe."

Kawsar akamtajia magoti yake mabovu, akamtajia joto, akamtajia barabara. Mzee alikuwa ameshaanza kuchagua blanketi, ile laini kuliko zote dukani, na shuka za maua. Asubuhi yake tulimsindikiza mpaka kwenye basi la Wajir. Kabla ya kupanda akanipa kabambe.

"Clare, hii ibaki dukani. Anayeflashi, mpigie."

"Hata tapeli?"

"Hata tapeli."

Basi likaondoka. Nami nikabaki na kisimu kile kwenye mfuko wa aproni, na roho juu juu. Kifua kinamsumbua, Abdimajid alisema. Huko ni mbali, na bibi ni mzee. Nilimwona mzee akilini akishuka na blanketi yake, watu wa kisimani wakitazamana. Alikuwa amebeba simu nyingine ya safari, nayo ilikuwa haipatikani. Kawsar alizunguka dukani akipanga vilivyokwisha kupangwa. Kila flashi iliyoingia niliipigia. Nilizungumza na mtu anayetafuta nyumba ya kupanga. Nilizungumza na mwanamke aliyekosea namba, mumewe hajarudi tangu juzi, tukasali pamoja kwenye simu, na mteja akasimama pale akanitazama. Alikuwa Mukami, mwenye duka la mapazia kule Umoja, ambaye ananifahamu.

"Clare, ni wewe kweli?" akauliza.

"Ngoja zamu yako," nikamwambia.

Ikawa siku moja baada ya sala ya adhuhuri, kri. Mara moja. Kimya. Namba ngeni.

Nikapiga. Iliita kidogo. Nikasikia upepo, nikasikia mbuzi, nikakaa kwenye robota la mzee.

"Halo," nikasema. "Umenipigia."

Sauti ya bibi kizee ikasema kitu kwa Kisomali, kwa mshangao, na pembeni yake nikasikia kile kicheko, kile chembamba, ambacho sisi hatupewi. Kawsar alikuwa amefika mbio. Akabana sikio lake kwenye simu karibu na langu.

"Clare?" Ilikuwa sauti ya mzee. "Ameijua sauti yako. Anasema ni yule yule."

"Mwambie shikamoo. Mwambie mimi si mke wako, mzee, tafadhali!"

Akamwambia. Bibi akajibu, maneno mengi, akikohoa katikati, na mzee akanitafsiria.

"Anasema simu sasa unaweza kukaa nayo. Ndugu yake ameshampata."

Kawsar alikuwa analia begani kwangu. Huko nyikani walisahau kwamba tupo. Wakaendelea wenyewe kwa wenyewe, dada akisema Yare, Yare, na mzee akiitikia kila mara. Mimi nisiye na subira sikukata. Nilikaa nikisikiliza lugha nisiyoijua, wateja wamepanga foleni, mpaka kredo ikaisha.